Fundi Futi, Mpima Kenge

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuta kiti ukae. Kama chai iko mkononi, endelea kunywa. Habari ya leo haimkatazi mtu chai.

Leo tunamkumbuka fundi wa mikoba. Hakuwa mbunge. Hakuwa mwanamuziki. Alikuwa fundi wa mikoba ya ngozi, na alifariki dunia Jumanne iliyopita, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua mkewe na karani wa hospitali. Sisi wengine wote tulimwita Fundi Futi.

Futi, kwa sababu ya ule utepe wa kupimia ambao mafundi huuita futi. Aliuvaa shingoni tangu anaamka mpaka anakwenda kuoga jioni. Alipima kila kitu. Alipima milango kabla ya kununua kitanda. Alipima kivuli cha nyumba ili ajue pa kuweka benchi. Mkewe, ambaye yeye alimwita Mama Mwalimu, alituambia hivi tulipokwenda kumpa pole:

"Siku ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha, baba alitoka kidogo kwenda kuwaita wajomba. Kurudi, anamkuta kijana wa watu amepiga magoti, anapima meza yetu. Baba akamuuliza, 'Kijana, umekuja kuoa au kuhamisha vyombo?' Mimi niko nyuma ya pazia, sina mbavu."

Alikuwa amekuja kuoa. Alimwoa, na wakakaa pamoja miaka arobaini na minne. Lakini hatukumbuki vipimo vya meza leo. Tunamkumbuka Fundi Futi kwa sababu alipima kenge. Alipima kenge kwa miaka ishirini na minane, bila kujua kwamba hakuna mtu mwingine aliyekuwa akifanya hivyo. Na vipimo vyake ndivyo vilivyowaokoa kenge wa mto wetu.

Tuanze mwanzo.

Aliingia kwenye karakana ya ngozi akiwa na miaka ishirini. Karakana ilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza, chumba cha mapipa, ambako ngozi zililowekwa kwenye maji ya dawa; ukitoka humo, hata mbwa wako mwenyewe anakubwekea. Cha pili, chumba cha kukaushia, ambako ngozi zilipigiliwa misumari kwenye mbao na kuachwa upepo uzifanyie kazi. Cha tatu, chumba cha kukatia. Hapo ndipo alipokaa Fundi Futi, mbele ya meza iliyofunikwa bati, dirisha likiwa upande wa kushoto, maana mkataji hodari hataki mkono wake mwenyewe umzibie mwanga.

Na ngozi zenyewe zilikuwa za kenge. Kenge wa majini, yule mjusi mkubwa wa mtoni mwenye madoa ya njano. Wasikilizaji wapendwa, kenge hana bahati na lugha yetu. Mtu akikosa adabu, anaitwa kenge. Tunasema katika msafara wa mamba na kenge wamo, kana kwamba kenge amedandia safari ya watu. Lakini ngozi yake ni nzuri. Inameta. Punje zake ni ndogo, zimepangana kama shanga. Mikoba iliyotoka kwenye karakana ile ilipanda ndege na kwenda kuuzwa mbali, kwenye maduka yenye mazulia.

Ngozi zilifika zikiwa kavu, zimetiwa chumvi, zimekunjwa kama mikeka midogo. Fundi Futi alizikunjua mezani na kuzipima upana, palipo pana zaidi, katikati ya tumbo. Kisha aliandika kwenye daftari: tarehe, upana, na sehemu ya mto ilikotoka. Daftari moja kila mwaka. Kwa nini aliandika? Kwa sababu mkoba una uso na mgongo, na ngozi ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Akiwa na daftari, aliweza kusema, "Hii ya leo mwenzake alikuja wiki iliyopita, yuko rafu ya pili." Wenzake wakikagua mabunda mazima, yeye anafungua ukurasa. Basi. Ilikuwa akili ya kazi tu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza unasomeka hivi: thelathini na tatu. Thelathini na moja. Thelathini na nne. Hizo ni sentimita. Zishikeni hizo namba, wasikilizaji wapendwa. Thelathini na tatu, thelathini na moja, thelathini na nne.

Mkoba uliouzwa sana uliitwa Malkia. Malkia wa mwanzo alihitaji ngozi mbili tu: moja mbele, moja nyuma. Ngozi nzima, bila kiungo. Miaka ikapita. Siku moja, katika mwaka wake wa kumi na tatu wa kuandika, Fundi Futi alikunjua bunda zima na hakupata ngozi hata moja iliyotosha kuufunika uso wa Malkia. Akamwita tajiri. Tajiri, yaani mwenye karakana, alikuwa rika lake na rafiki yake. Walianza kazi mwaka mmoja, mmoja akikata na mwingine akimsaidia marehemu baba yake kuendesha biashara.

"Hazitoshi," Fundi Futi akasema. "Zote nyembamba."

"Mnunuzi anakuja Ijumaa," tajiri akajibu. "Futi, wewe ndiye mwenye akili za mikono. Nitoe hapa."

Fundi Futi akamtoa. Alichukua ngozi mbili nyembamba, akaziunganisha katikati ya uso wa mkoba, na juu ya kiungo akapitisha uzi mnene uliosokotwa kama msuko wa nywele. Ukiutazama, hudhani kama kuna tatizo lililofichwa. Unadhani ni urembo. Mnunuzi alipouona alipiga makofi. Aliagiza mara mbili ya kawaida. Mshono ule wa kati ukawa ndio alama ya Malkia, na mwisho wa mwaka, kwenye sherehe ya wafanyakazi, tajiri akampa Fundi Futi saa ya ukutani na kumkumbatia mbele ya watu wote arobaini na mmoja wa karakana.

Alifurahi. Tusimfanye malaika. Alirudi nyumbani na saa kwapani, akaitundika sebuleni, akaipima kama imenyooka.

Miaka ikaenda. Ngozi zikazidi kupungua upana. Mshono mmoja ukawa miwili. Kisha akabuni vipande vinne vilivyokutana katikati kama nyota. Watu wakasema fundi huyu ana kipaji, kila mwaka mtindo mpya. Na kweli alikuwa na kipaji. Mwanamke mmoja aliyezoea kuleta ngozi kutoka mtoni alimwambia siku moja, akishusha mzigo wake mlangoni, "Fundi, wakubwa siku hizi hatuwaoni. Tunachukua waliopo." Naye akaitikia, "Ndiyo hivyo, dada," na akaendelea kukata. Alikuja kusema baadaye kwamba sentensi ile ilimkaa kama mwiba mdogo kisiginoni. Haukuzuii kutembea, lakini unajua upo.

Aliyekuja kuutoa mwiba huo ni binti yake.

Binti huyu ndiye Mwalimu katika jina la Mama Mwalimu. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne, ndiyo kwanza ameajiriwa, anafundisha sayansi. Alitaka wanafunzi wake wajifunze kuchora grafu kwa namba za kweli, maana za kwenye kitabu ziliwachosha. Akamwomba baba yake yale madaftari. Baba akampa yote, ishirini na manane, kwenye gunia la plastiki.

Mwalimu anasimulia: "Niliwagawia watoto kila kikundi daftari. Tafuta wastani, njoo uweke nukta ubaoni. Mwanzo walikuwa wanacheka. Nukta ya kwanza juu, ya pili juu, halafu zikaanza kushuka. Tulipoziunga, mtoto mmoja akasema, 'Mwalimu, imekuwa bembea ya kuteleza.' Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Sikuufuta ule ubao. Jumamosi nikampeleka baba."

Jumamosi, saa nne asubuhi, Fundi Futi aliingia kwenye darasa tupu. Madawati, vumbi la chaki, jua sakafuni. Akasimama mbele ya ubao mikono nyuma. Mstari ulianzia juu kabisa, thelathini na tatu, ukashuka, ukashuka, ukaishia chini kulia, kumi na nane. Kisha akachukua chaki, akahesabu miaka kwa kidole, akatia alama ya msalaba mahali fulani katikati ya mteremko.

"Hapo kuna nini, baba?" Mwalimu akauliza.

"Hapo ndipo nilipoweka mshono."

Halafu akauliza swali ambalo, kwa miaka ishirini na minane, hakuwahi kujiuliza. Akasema, "Mwanangu, kenge anaanza kutaga akiwa na upana gani?"

Mwalimu hakujua. Akaandika barua kwa mtafiti mmoja wa wanyamapori, mama mmoja mwembamba ambaye watu wa mtoni walimwita Daktari wa Kenge, ingawa hakuwahi kumchoma sindano kenge yeyote. Mama huyu alikuwa amekaa miaka sita akiwaambia wakuu wa idara ya wanyamapori kwamba kenge wanaisha. Kila mara aliulizwa, "Ushahidi uko wapi? Zamani walikuwa wangapi?" Na hakuwa na jibu, kwa sababu zamani hakuna aliyewahesabu. Alipopata barua alikuja siku ya tatu yake. Alikaa kwenye meza ya chakula ya Fundi Futi, akafungua daftari la kwanza, na mkewe anasema yule mama aliweka kiganja mdomoni.

"Mzee, hizi namba umezipima ngozi ikiwa mbichi au kavu?"

"Kavu. Kabla haijaingia pipani. Ikishalowa inavutika, itakudanganya."

"Kila ngozi?"

"Kila ngozi, mama. Mimi sina kazi nyingine."

Ndipo Daktari wa Kenge akamweleza. Upana wa ngozi iliyokunjuliwa ni sawa na mzunguko wa tumbo la kenge alipokuwa hai. Yeye alikuwa amepima majike wengi wenye mayai pale mtoni, na hakuwahi kumkuta mwenye mayai aliye chini ya sentimita ishirini na nne. Fundi Futi akavuta daftari la mwisho. Akasoma kwa sauti. Kumi na tisa. Kumi na nane. Kumi na saba. Kumi na tisa. Akaacha kusoma.

"Hawa wote," akasema, "hawajawahi kutaga hata mara moja."

"Hata mara moja," akajibu Daktari wa Kenge.

Wasikilizaji wapendwa, turudie hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Kenge walikuwa wanauawa kabla hawajazaa. Wakubwa walikwisha. Wakaja wa makamo, nao wakakwisha. Sasa walikuwa wanachukuliwa watoto. Na mshono mzuri wa Malkia ulimfichia kila mtu, mnunuzi, mvaaji, hata fundi mwenyewe, kwamba mto unaishiwa viumbe vyake.

Idara ilikuwa imeitisha kikao cha wazi cha kujadili biashara ya ngozi. Daktari wa Kenge alimwomba Fundi Futi aje na madaftari yake. Kumbuka, alikuwa bado ameajiriwa. Watu arobaini na mmoja walikula kwa karakana ile. Mmojawao alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi kwenye chumba cha mapipa, kwa hiyo kila mtu alimwita Mapipa. Mapipa alikuwa na watoto watano. Alikuja nyumbani Jumapili, akakataa kukaa.

"Shemeji, nasikia unakwenda kutumwagia unga."

"Nakwenda kusoma namba, shemeji."

"Namba zako zitamlisha nani?"

"Kaa kwanza tuongee."

"Sikai. Kwa ajili ya kenge? Kenge, shemeji! Angalau ungetufukuzisha kazi kwa ajili ya ng'ombe."

Mama Mwalimu anasema alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Fundi Futi hakucheka. Alimwambia Mapipa maneno ambayo Mapipa mwenyewe ndiye aliyetusimulia wiki hii, kwa simu, akikohoakohoa kuficha sauti: "Shemeji, pima mwenyewe. Kwa jinsi zinavyoshuka, unga utamwagika baada ya miaka minne, niseme nisiseme. Tofauti ni kwamba nikinyamaza, siku hiyo mtoni hakutakuwa na kitu cha kuanzia upya."

Mapipa aliondoka bila kuaga. Hawakusemeshana miaka mitatu.

Siku ya kikao, ukumbi ulijaa. Wawindaji, wanunuzi, watu wa idara, waandishi. Fundi Futi alivaa koti la harusi yake, limembana, na gunia lake la madaftari liko miguuni. Tajiri alikaa safu ya mbele, hakumtazama. Alipoitwa, mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mwenye miwani, akamuuliza:

"Mzee, wewe ni mtaalamu wa wanyama?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni fundi wa mikoba."

"Sasa unajua nini kuhusu kenge?"

"Upana wake."

Ukumbi ukacheka. Yeye akangoja wamalize. Kisha akaeleza kama tulivyoeleza hapa, polepole, mwaka kwa mwaka, daftari kwa daftari. Mwanasheria wa wanunuzi akasimama akasema daftari la fundi si kitu, mtu yeyote anaweza kuandika namba. Fundi Futi hakubishana naye. Akamgeukia mwenyekiti.

"Mheshimiwa, samahani sana. Naomba uuweke mkoba wako mezani, ule uso wake utazame watu."

Mwenyekiti akashangaa, akauweka. Ulikuwa Malkia. Ulikuwa na msuko mzuri katikati.

"Huo mshono niliubuni mimi," akasema Fundi Futi. "Nilipewa saa kwa ajili yake. Watu husema ni urembo. Mheshimiwa, huo ni uongo. Niliuweka kwa sababu kenge aliyetosha kuufunika mkoba huo hakuwepo tena. Mikoba ya mwanzo haina mshono. Mikoba iko kwenye makabati ya watu, haiwezi kuandikwa upya. Waulizeni akina mama walioinunua zamani, wailete, tuipange mezani."

Na ililetwa, wasikilizaji wapendwa. Kikao kiliahirishwa wiki moja, tangazo likasomwa redioni, na watu wakaleta mikoba. Mikoba ya mama zao, ya shangazi zao, mingine ina harufu ya dawa ya nondo. Walipanga meza sita. Mikoba mizima upande huu. Yenye mshono mmoja ikafuata. Miwili. Kisha nyota. Hakuhitajika mtu kueleza. Watu walipita mbele ya zile meza kimya, kama wanaopita mbele ya picha za ukoo.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi mitatu. Hakuna kuwinda kenge kwa miaka mitano. Baada ya hapo, kibali kwa wachache, hakuna ngozi chini ya sentimita ishirini na nane, na msimu wa kutaga mto unafungwa kabisa.

Karakana ikafungwa. Fundi Futi naye akakosa kazi kama wenzake. Hakuna aliyemwekea kiti cha shujaa. Kuna watu waliovuka barabara ili wasimsalimie. Alikaa barazani kwake akishona mikoba ya shule kwa turubai, na mshahara wa Mwalimu ukabeba nyumba. "Alikonda," anasema mkewe. "Hakulalamika, ila alikonda. Siku moja nikamwambia, baba Mwalimu, si ungenyamaza tu? Akaniambia, 'Nilishanyamaza miaka kumi na mitano, mke wangu. Nilinyamaza kwa uzi na sindano.'"

Hapo habari yetu ingeweza kuishia vibaya. Haikuishia hapo.

Mwaka wa pili wa katazo, Daktari wa Kenge alimtafuta. Alihitaji mtu wa kupima kenge walio hai, mtoni, mara nne kwa mwaka. "Nina vijana wa chuo," akasema, "lakini kila mmoja anapima kivyake. Nataka mkono mmoja."

Fundi Futi akaenda. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Amepima maelfu ya kenge maishani, na hakuwahi hata siku moja kumgusa aliye hai.

Kenge wa kwanza alishikwa saa tatu asubuhi, jike dogo, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Fundi Futi akapiga magoti kwenye tope. Akapitisha futi chini ya tumbo. Mara akaurudisha mkono nyuma kama aliyeungua.

"Amekung'ata?" wakamuuliza.

"Hapana," akasema. "Ana joto."

Ngozi ilikuwa na joto la jua. Ilikuwa inapanda na kushuka, kenge anahema. Vijana wa chuo wanasema mzee alibaki pale magotini, akaweka kiganja chote ubavuni mwa yule kenge. Halafu kenge akamchapa mkia wa uso, paa! Miwani ikarukia majini. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Haki yako," akamwambia. "Haki yako kabisa."

Yule jike alikuwa na sentimita kumi na tisa. Kwa mara ya kwanza, Fundi Futi aliandika kumi na tisa, kisha akamwachia aende zake.

Aliendelea kupima kwa miaka kumi na sita. Alijifunza kwamba jike hutoboa kichuguu cha mchwa wakati mvua zinapoanza, akataga ndani, na mchwa wenyewe wakaziba tundu, wakamlindia mayai bila kujua. Aliifurahia sana habari hiyo. Aliwasimulia watu sokoni. Watoto wa shule ya Mwalimu walikuja kwa zamu kuviwekea vichuguu alama za rangi ili wakulima wasivibomoe. Na wakulima walikubali, kwa sababu kenge walipoanza kurudi, panya mashambani walipungua, na hilo halikuhitaji grafu.

Namba zikaanza kupanda. Ishirini. Ishirini na mbili. Mwaka wa tano, ishirini na tano, na jike mwenye mayai. Siku hiyo alimpigia simu binti yake akiwa darasani. Mwalimu akapokea, akasikia baba anapumua tu. "Baba, kuna nini?" "Mwambie yule mtoto wako wa bembea," akasema, "waambie wote. Imeanza kupanda."

Na Mapipa? Mwaka wa tatu, timu ya mtoni ilikuwa inahangaika. Kenge anateleza, vijana wanaanguka majini. Fundi Futi akasema, "Mimi namjua mtu ambaye ameshika vitu vinavyoteleza maisha yake yote." Akaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa shemeji yake. Akabisha hodi. Mapipa akafungua.

"Shemeji," Fundi Futi akasema, "nina kazi. Lakini ni ya kenge."

Mapipa anasema aliitafuta hasira yake, hakuiona ilipo. "Nikamuuliza tu, kuna viatu vya mpira?"

Mpaka leo Mapipa ndiye mshikaji mkuu wa timu ile. Hajawahi kumwangusha kenge hata mmoja.

Karakana nayo ilifunguliwa upya, ndogo, watu kumi na wanane. Inashona turubai na ngozi ya ng'ombe, na ngozi chache za kenge zenye lebo ya idara. Tajiri aliongea nasi juzi. Alisema: "Nilimkasirikia. Nilimwambia kila mtu kwamba amenisaliti. Leo nina Malkia wapya wanne dirishani, ngozi nzima, hawana mshono mbele. Nilimpelekea mmoja akiwa mgonjwa. Aliugeuza, akaupima, akaniambia, 'Umekata vizuri, ila mpini umepinda.' Umepinda kweli! Nimeurekebisha."

Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo. Alilazwa wiki tatu. Kipimo cha mwisho cha mtoni, alichosomewa na Mapipa kando ya kitanda, kilikuwa wastani wa ishirini na tisa, na vichuguu vyenye mayai mia moja na kumi na viwili. Mapipa anasema mzee alimwambia, "Rudia." Akarudia. "Rudia tena." Akarudia. Siku mbili baadaye, Jumanne asubuhi, Fundi Futi akafariki, mkewe na binti yake wakiwa wamemshika mikono.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki tunatoa pole. Pole kwako, Mama Mwalimu. Pole kwako, Mwalimu, na wanafunzi wako wa zamani, ambao wengi wao wanatusikia. Pole, Mapipa. Pole kwa wafanyakazi wa karakana, wa zamani na wa sasa. Pole, Daktari wa Kenge, umepoteza mkono wako.

Na wewe unayesikiliza, tukuachie la kufikiri. Kila kazi ina kitu inachokiona ambacho wengine hawakioni. Kinyozi anakiona. Dereva anakiona. Muuza samaki anajua samaki wa mwaka huu wanalingana na viganja vingapi. Je, mikono yako imekuwa ikikuambia nini miaka hii yote? Na umekiandika mahali?

Familia imetuomba tangazo moja, na tumewaahidi tutalisoma kama lilivyoandikwa. Linasema: Hatuhitaji maua. Mvua zinaanza wiki hii. Majike wa kenge watakuwa wanavuka barabara pale darajani, wakitoka mtoni kwenda kwenye vichuguu. Wanatembea polepole kwa sababu wamebeba mayai. Tunawaomba madereva wote, wa malori, wa mabasi, wa pikipiki, wapunguze mwendo.

Basi mmesikia, madereva. Punguzeni mwendo.